Faini ya Wenye Barafu

Kathiani, Machakos
12 Mei 2024

Mwanangu Nthenya,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko watu wa redio. Barua hii nimeipeleka saiba pale sokoni waipige picha na kuituma kwa anwani ya kazini kwako, maana kila nikipiga simu yako najibiwa na mwanamke wa Kizungu, na hatuelewani.

Nadhani umesikia habari ya mvua. Mwezi wa nne wote ilitupiga kama tumeikosea. Mto Kaluu ulijaa mpaka ukala mashamba ya pande zote mbili, na ule ukuta wa bwawa la mchanga ambao mamako marehemu na wenzake walijenga umevunjika. Si ufa, Nthenya. Umevunjika katikati na kwenda. Mchanga wote uliokuwa nyuma yake umeenda nao, na huo mchanga ndio ulikuwa unatuwekea maji hadi kiangazi kiishe. Sasa kina mama wakipita hapo wanaangalia mawe na kutikisa kichwa.

Ukoo utakaa Jumamosi ya tarehe 25. Watu wamekasirika, na mtu akikasirika lazima apate wa kulaumu. Wengine wameanza kunitaja mimi. Unajua wivu wa hapa kwetu. Mtu akiwa na lori mbili na nyumba ya mabati ya rangi, hata kuku wa jirani akikosa kutaga ni yeye.

Sasa mimi nikakumbuka niko na binti. Binti ambaye serikali za watu zimempeleka hadi mwisho wa dunia kusoma barafu. Ulipokuja Krismasi ulituambia barafu hiyo inayeyuka kwa sababu ya joto, na joto hilo ndilo linaleta mvua za ajabu. Naomba uwaandikie wazee hayo hayo, kwa karatasi iliyo na mhuri wa kazi yako. Ya simu hayawezi kusimama mbele ya ukoo, lakini karatasi yenye mhuri hata Musili mwenyekiti anaivulia kofia.

Eleza vizuri, usitumie maneno makubwa. Mungu akubariki.

Mimi baba yako mdogo,
Makau


Kambi ya Barafu, Grinlandi
16 Mei 2024

Baba Mdogo,

Nimefurahi kupata barua yako na nimekasirika pia. Nimefurahi kwa ajili ya goti lako, maana niliyaacha yanauma yote mawili. Nimekasirika kwa sababu hapa nilipo tunakaa wiki nzima tukijadili joto la dunia mezani, na wewe unaniandikia kwamba limeshafika mtoni kwetu na kubeba ukuta aliojenga mama yangu.

Barua ya wazee ni hii hapa chini. Mhuri nimegongewa na mkubwa wa kambi, ambaye hakuelewa neno hata moja isipokuwa Machakos. Uniambie pia kama kuna mtu aliumia. Hukusema.

Wako,
Nthenya

*Kwa wazee wa ukoo, mama zangu na ndugu zangu,*

*Mimi ni Nthenya wa Munyao. Naandika nikiwa juu ya barafu nene sana. Mkiweka mlima wa Iveti chini yake hamtauona tena. Kazi yetu ni kuitoboa na kuvuta vipande virefu kama miwa. Barafu hii ni theluji ya miaka mingi iliyolaliana, na ndani yake kuna viputo vya hewa ya zamani. Tukipima hewa hiyo tunajua dunia ilikuwa na joto gani kabla ya mababu wa mababu zetu.*

*Sitawaficha: barafu iliwahi kuyeyuka hata kabla mtu hajawasha injini. Dunia huyumba kidogo inapolizunguka jua, na ikiyumba upande fulani barafu hupungua, ikirudi barafu hukua. Volkeno nazo hutoa moshi. Hayo ni ya asili na yamekuwapo daima. Lakini yalichukua maelfu ya miaka. Haya tunayoyaona sasa yanatokea ndani ya umri wa mtu mmoja, na hesabu ya jua na volkeno haitoshi kuyaeleza. Yanayotosha ni makaa ya mawe, mafuta na viwanda. Moshi wake unalifunika anga kama blanketi. Masizi yake yanaanguka juu ya barafu nyeupe na kuifanya nyeusi, nayo inavuta jua kama shati jeusi. Joto hilo hilo linapasha bahari, na bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na mvuke ukipanda bara unashuka kwa kishindo.*

*Walioanza kuchoma walipewa onyo mapema. Wengine walilipa watu waseme kwamba ni mambo ya asili tu, waendelee kuuza. Wametajirika, na gharama wameletewa watu wasiokuwa na hata baiskeli. Mkiuliza ni nani amevunja ukuta wetu, mimi nasema tuwatazame hao.*

*Nthenya wa Munyao*


Kathiani
27 Mei 2024

Mwanangu,

Umetuheshimisha! Ungekuwepo ungejiona mkubwa. Barua yako niliisoma mwenyewe, nimesimama, na hakuna aliyekohoa. Nilipofika pale pa watu wasiokuwa na hata baiskeli, kina mama walipiga makofi, na mzee mmoja wa upande wa Kinanie akaguna kama mtu aliyeguswa kidonda.

Musili aliuliza swali la busara, kwamba hiyo barafu ikiyeyuka maji yake yanaenda wapi. Nikamwambia, mzee, si umeyaona yakipita? Hapo kila mtu akaelewa. Hata wale wenye vichwa vigumu walikubali kwamba mto hauwezi kuwa na maji mengi hivyo bila kuongezewa.

Basi ukoo umetoa hukumu. Wenye barafu wamepatikana na hatia. Wamepigwa faini ya fahali mmoja, mbuzi wa wazee, na asali ya kutosha pombe. Usicheke, Nthenya, watu walikuwa makini kuliko kanisani. Na kwa desturi, mkosaji ambaye si wa hapa huitwa kupitia mtu anayekula naye meza moja, na ikiwa haji, huyo anayekula naye ndiye anajibu. Mtu huyo ni wewe. Umetumwa uwapelekee wito. Nikawaambia binti yangu hawezi kushindwa na kazi ndogo kama hiyo.

Hakuna aliyeumia sana. Kamanthe alikuwa amekuja na maneno yake, unajua mama huyo akianza, lakini baada ya barua aliketi na mambo yakatulia. Wiki hii nitapeleka gari fundi. Maisha yanaendelea.

Mimi baba yako mdogo,
Makau


Shule ya Msingi, Kathiani
29 Mei 2024

Nthenya,

Sitakusalimu. Tulisoma dawati moja darasa la kwanza hadi la nane, kwa hivyo unaujua mwandiko wangu na huhitaji kuulizia ni nani. Ni Peris wa Kamanthe.

Baba yangu amekufa. Nzioka, yule aliyekuwa akitukimbiza tukicheza juu ya ukuta kwa sababu kina mama wa mwethya, kile kikundi cha kazi za pamoja, walimpa kazi ya kuulinda na hakuwahi kuiacha. Sijui kama umeambiwa. Kwa barua uliyoandika, nafikiri hukuambiwa, na hilo tu ndilo limenifanya nikuandikie badala ya kukulaani nikiwa peke yangu.

Baba yako mdogo anachimba mchanga. Si kule mbali kulikoruhusiwa. Anachimba Kaluu, na tangu mwaka jana amekuwa akichimba chini kabisa ya ukuta, pale penye msingi wake, kwa sababu hapo mchanga ni msafi na wajenzi wa Syokimau wanaulipia vizuri. Baba alimwendea nyumbani zaidi ya mara moja kumwonyesha kwamba ukuta umebaki unaning'inia. Makau akamkaribisha chai.

Ijumaa ile ukuta ulipovunjika, alasiri wingu lilipofunga upande wa Iveti, vibarua wa Makau walikuwa bado chini wanapakia. Hawakuwa na wa kuwaambia waache. Baba akashuka. Aliwatoa Kisilu na mwenzake Mike kwa kuwavuta mikono, kisha akarudi kumtafuta dereva, na hakujua dereva alikuwa amekwishapanda ng'ambo. Ukuta ukamwangukia. Tulimpata kesho yake.

Siku ya ukoo mama alisimama. Hakuwa anaomba mbuzi wala fahali. Alitaka ukoo uulize hadharani ni nani alichimba hapo. Alikuwa hajamaliza sentensi ya pili Makau akainua karatasi yako yenye mhuri na kuanza kusoma kwa sauti ya mahubiri. Ilipokwisha, Musili akamwambia mama akae, kwamba imeonekana Nzioka aliuawa na wazungu. Watu wakapiga makofi. Mama akakaa.

Wewe ndiwe uliyemkalisha mama yangu, Nthenya. Makau hana akili ya kuandika vile. Ni maneno yako, na yalikuwa mazuri, na mimi mwenyewe ningeyafundisha darasani siku nyingine yoyote.

Lori hupita shamba la marehemu babako kufika mtoni. Hakuna njia nyingine, kwingine ni mawe. Wote hapa wanaamini wewe unajua, maana shamba liko kwa jina lako. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikutetea kidogo. Nimechoka.

Peris


Kambi ya Barafu
2 Juni 2024

Baba Mdogo,

Nimepata habari za Nzioka kwa mtu mwingine. Wewe uliniandikia kwamba hakuna aliyeumia sana.

Uliponiomba lori zipite shamba la baba, uliniambia zinabeba mahindi na saruji. Nataka kujua zilibeba nini. Nataka kujua ni nani alichimba chini ya ukuta. Nataka kujua kwa nini Kamanthe alikatizwa akiwa amesimama, na karatasi yangu ndiyo iliyomkatiza.

Usinijibu kwa Maandiko wala kwa goti. Nijibu kwa ndiyo au hapana.

Nthenya


Kathiani
9 Juni 2024

Nthenya,

Siku hizi huniandikii salamu. Sawa. Waswahili walisema fadhila ya punda ni mashuzi, na mimi nimefuga punda aliyefika chuo kikuu.

Unauliza lori zilibeba nini. Wewe ulidhani zilibeba nini? Babako alipokufa uliachwa na sare moja. Ni nani alilipa karo pale sekondari, ni nani alikununulia koti la kupanda ndege, ile sherehe ya kukuaga ilichinjiwa mbuzi wa nani? Mahindi ya Kathiani hayapeleki mtu Ulaya, mama. Mchanga unapeleka. Ulikuwa ukila vizuri wala hukuuliza kitoweo kimetoka wapi.

Ndiyo, nilichimba. Umetaka ndiyo, umeipata. Lakini nikiacha mimi atachimba mwingine, na huyo hatakuwa na binti wa kusomesha. Hizo nyumba zote mnazosifu mkishuka Mlolongo zilijengwa na nini, na uji? Watu wanataka nyumba, hawataki kumwona anayebeba mchanga.

Nzioka alikuwa rafiki yangu. Usidhani nalala bila kumwaza. Sikumtuma ashuke. Nilimlipia jeneza, na Kamanthe akalirudisha, hilo Peris hakukuandikia. Lakini ile mvua ilikuwa kubwa, wewe mwenyewe umeandika kwa mhuri. Sasa unataka kumeza maneno yako?

Na nikuulize na mimi. Mimi tangu nizaliwe sijapanda ndege. Sina kiwanda. Lori zangu ni mbili na moja haitembei. Wewe umepanda ndege ngapi kwenda kupima barafu inayoyeyushwa na ndege? Nyani haoni kundule. Hao wakubwa wako wakiulizwa wanasema ni asili, dunia inayumba, na hakuna anayewafunga. Mimi nikisema ni mvua, naitwa muuaji. Kwa nini sheria ianzie kwangu?

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Utarudi hapa kuolewa, utarudi kuzikwa, na ni mimi nitakayesimama mbele ya ukoo kukusemea.

Makau


Kambi ya Barafu
14 Juni 2024

Kwa mzee Musili, mwenyekiti wa ukoo.
Isomwe mbele ya watu wote Jumamosi ya tarehe 22, na msomaji awe Peris wa Nzioka. Asisome mwingine.

Wazee wangu, mama zangu,

Barua ya kwanza niliyowaandikia ilikuwa ya kweli, kila neno, na sifuti hata moja. Lakini niliiandika bila kuuliza, na imetumiwa kufunika jambo lingine la kweli. Kwa hivyo nawaandikia ya pili nikiwa nimekasirika, na mtaniwia radhi nikisema bila kuzunguka.

Mto Kaluu haukubeba maji ya barafu. Barafu ya huku ikiyeyuka inaingia baharini, inapandisha maji ya Lamu na Mombasa, haipandi milima kuja Kathiani. Mlicholetewa ninyi ni mvua. Joto lile lile la huku liliizidishia nguvu, na waliochoma mafuta miaka yote hiyo wana sehemu yao ndani ya hasara yenu. Wana deni kwenu na sitaacha kulisema.

Lakini nendeni mkaangalie ukuta wa juu, kwa kina Kavindu. Mto ni ule ule, mvua ni ile ile, siku ni ile ile. Umesimama. Hapo hapakuchimbwa.

Niliwaambia kwamba barafu ina sababu zake za asili. Ni kama uzee. Watu hufa kwa uzee, kila mtu anajua. Lakini ukimkuta mzee ana kisu mgongoni, hutasema ni uzee, hata kama alikuwa na miaka tisini. Huku nimewasikia watu wa suti wakikitazama kisu na kuzungumza habari za uzee, na kila nikiwasikia nataka kurusha kiti. Sikujua kwamba wimbo huo ungeimbwa Kathiani, na baba yangu mdogo, kwa maneno niliyompa mimi.

Baba Mdogo ananiuliza kwa nini sheria ianzie kwake. Ianzie kwake kwa sababu yeye ndiye yuko hapo, na Nzioka alikuwa hapo, na Kamanthe yuko hapo. Tukingoja ianzie kwa wakubwa, hakuna ukuta utakaobaki nchi hii. Ananiuliza pia nimepanda ndege ngapi. Ni nyingi, na moshi wake nimeuongeza mimi, siukatai. Hata hivyo ndege yangu haikuchimba chini ya ukuta na kumwandalia chai aliyekuja kulalamika.

Mlinituma niwapelekee wenye barafu wito wa ukoo. Nitaupeleka, nitautafsiri na kuubandika mlangoni mwa ofisi kubwa nitakayoifikia. Msingoje fahali. Hao wana mawakili wengi kuliko mbuzi wetu.

Ila mlisema pia kwamba mkosaji asipokuja, anayekula naye meza moja ndiye anajibu. Nimewaza sana juu ya hilo. Meza niliyoketi nikala miaka mingi haiko huku, iko huko kwenu. Karo yangu ilikuwa mchanga wa Kaluu. Koti nililovaa nikiandika haya ni mchanga wa Kaluu. Sikujua, lakini aliyeshiba hawezi kusema hakuwepo. Kwa hivyo najibu.

Shamba la Munyao, ambalo lori hupita kwenda mtoni, kuanzia leo ni la Kamanthe, mke wa Nzioka. Wakili wa Machakos ana karatasi zote. Atapanda anachotaka, na akitaka kupanda miiba njiani apande. Kama kuna mzee wa kusema mwana wa kike hawezi kutoa shamba, namwomba tukutane mahakamani, nauli nitajilipia.

Na ninawaomba jambo moja. Mama Kamanthe alikuwa amesimama. Mrudishieni nafasi yake amalize.

Nthenya wa Munyao


Kathiani
8 Julai 2024

Nthenya mwenzangu,

Leo nakusalimu. Mama anakusalimu pia, ameniambia niandike hilo kwanza kabla sijasahau.

Nilisoma. Musili alinishikia karatasi upande mmoja. Nilipofika kwa ukuta wa kina Kavindu watu walianza kunong'ona, maana wote hupita hapo na hakuna aliyewahi kufikiria. Ulipotaja shamba, wazee wawili walisimama kupinga, kisha mmoja akauliza mahakama ya Machakos hukaa siku gani, na akaketi.

Mama akarudi mahali pake. Aliuliza swali lake lile lile, ni nani alichimba hapo. Makau aliangalia kofia yake. Basi Kisilu akainuka kutoka nyuma walipokaa vijana wa kazi. Akasema, "Ni sisi tulichimba. Makau alitutuma. Na mzee alituita kwa majina, Mike kwanza, halafu mimi." Akaketi. Mike alikuwa ameinamisha kichwa magotini.

Makau akasema mvua ilikuwa kubwa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Ukoo umefuta hukumu ya kwanza kwa upande wa baba. Wale wa barafu faini yao imebaki, Musili amekataa kabisa kuifuta, anasema kosa la mtu mmoja halifuti la mwingine, na anataka kujua umewapelekea wito lini. Makau ametozwa fahali, na kazi.

Unaukumbuka mwethya ulivyo. Kila boma lina sehemu yake ya mawe, na anayekufa sehemu yake haifi, lazima ibebwe. Ukuta unajengwa upya, na sehemu ya baba imepewa Makau. Jumatatu alimtuma kibarua na pesa, kina mama wakamrudisha kibarua na pesa zake. Jumanne akatuma wawili, wakarudishwa. Jumatano alikuja mwenyewe, na lile goti.

Sitakudanganya kwamba nilimhurumia. Nilitoka shuleni mapema kwenda kuangalia. Alibeba mawe tangu asubuhi, kutoka kilimani hadi mtoni, na watu wakipishana naye hawakumsalimu wala kumtukana. Mchana hesabu ya boma lake ilikwisha. Akaketi juu ya jiwe, akavua kofia, akajipangusa, na nadhani alifikiri ndiyo basi.

Mama alikuwa anagawa uji. Alimfikia kwa zamu yake kama wengine, akamjazia kikombe, akangoja ashike vizuri.

"Kunywa, Makau," akamwambia. "Hayo yalikuwa yako. Sasa unaanza ya Nzioka."

Peris